Taua zangu mbili, senta moja, na kiti cha mamangu

Wacha nianze na aibu. Nilinunua taua mbili, hizi spika za kusimama zinazokufika kiunoni, nikazitoa tao mpaka Donholm kwa pikapi ya kukodi, nikazipandisha orofa ya tatu mimi na soja wa geti, soja akipumzika kila orofa na kuniuliza kama hii ni friji, nikaziunga kwa risiva, ile mashine inayoendesha spika, nikaketi kwa sofa nikajiona mtu. Wiki tatu baadaye mamangu akaja kututembelea, akakaa pale kwa kona ya sofa karibu na dirisha juu hapo ndipo anapenda, akatazama habari ya saa moja kama dakika kumi hivi, halafu akanigeukia na upole wake wote: "Baba, hivi vitu vikubwa hivi vyote, na huyu mtu bado anaongea akiwa kisimani?"

Mama watoto alikuwa jikoni, akacheka mpaka kifuniko cha sufuria kikaanguka. Kumbe hata yeye alikuwa hasikii maneno vizuri, ni vile tu alininyamazia.

Tangu hiyo siku nimesoma hii mambo ya senta na taua kuliko nilivyowahi kusomea mtihani, na kwa vile kila mtu akija kwangu lazima aulize "na mimi ninunue gani", nimeona niandike mara moja nimalizane nayo.

Kwanza tuelewane maneno, maanake Nairobi ukisema wufa mtu anafikiria ile seti nzima ya boksi moja kubwa na vispika vidogo inayouzwa kila mahali, na hiyo sio ninayoongelea. Taua ni boksi refu linalosimama sakafuni lenyewe, lina koni mbili ama tatu na twita juu, yaani kaspika kadogo ka sauti nyembamba, na ukubwa wa boksi ndio unaleta besi bila kuhitaji subufa, lile boksi la besi peke yake. Zinakuja mbili, kushoto na kulia. Senta ni ile fupi inayolala chini ya tivi, mara nyingi koni mbili pande zote na twita katikati, na kazi yake karibu yote ni mdomo, kwa sababu filamu iliyotengenezwa na chaneli tano na subufa, maneno mengi ya waigizaji yamewekwa huko kwa senta, halafu taua zinapewa muziki, upepo, magari, watu wakipita pembeni. Kwa hivyo kuuliza gani ni bora kati ya hizo mbili ni kama kuuliza kama sufuria inashinda mwiko. Lakini bado watu wanauliza, hata mimi niliuliza, juu pesa ni moja na haitoshi zote kwa mpigo.

Na mimi nilichagua taua, na sijutii, hiyo wacha niseme mapema. Jumapili asubuhi watoto wakiwa bado wamelala naweka rumba ya Kongo ya zamani, nakaa katikati kabisa ya sofa, nazima tivi. Gitaa moja inakaa kushoto inazunguka kitu kimoja tu, nyingine kulia inajibu, na mwimbaji amesimama mbele yangu hapo ukutani ambapo hakuna spika yoyote. Unaweza kuapa kuna mtu. Mara ya kwanza niliinuka nikaenda kuchungulia nyuma ya tivi, na huu sio utani.

Huyo mtu hayuko. Ni senta hewa, kama wale wafanyakazi hewa wanaolipwa mshahara na ofisi hawajawahi kuikanyaga. Taua zote mbili zinatoa sauti yake sawasawa kwa wakati mmoja, masikio yako yanapokea sawa kushoto na kulia, ubongo unaamua basi jamaa lazima awe katikati. Inafanya kazi vizuri ajabu. Shida ni kwamba inafanya kazi ukiwa umekaa katikati.

Hapa nilichukua futi nikapima juu nilikuwa nimechoka kubishana na hewa. Taua zangu ziko mita 2.4 kati ya moja na nyingine, sofa iko mita 3 kutoka ukutani, na kona ya mamangu iko mita moja kulia ya katikati. Piga hesabu: taua ya kulia iko karibu mita 3.0 kutoka kwa masikio yake, ya kushoto ni kama 3.7. Tofauti ni sentimita 70, na ukigawanya sekunde moja mara elfu, sauti inaenda karibu sentimita 34 kwa kila kipande, kwa hivyo ya kulia inamfikia vipande viwili hivyo mapema. Inaonekana si kitu. Lakini ubongo huwa unafuata iliyofika kwanza, Mjerumani anaitwa Helmut Haas aliandika juu ya hiyo tabia mwaka wa 1949, na ikitangulia hata kwa kipande kimoja tu, sauti inahamia huko. Kwa hivyo mtangazaji wa mamangu hakuwa kwenye tivi hata kidogo, alikuwa ndani ya taua ya kulia, karibu na dirisha, karibu na pazia, huku mdomo wake unachezacheza kule katikati ya ukuta. Hata wewe uliyekaa katikati huponi kabisa, juu kila sikio linapata ile sauti mara mbili, kutoka taua ya karibu na kutoka ya mbali ikiwa imechelewa kidogo, na zikikutana zinakulana karibu na Hz 2,000, yaani mitetemo elfu mbili kwa sekunde, na hapo ndipo kuna maneno.

Mambo ya maneno nilikuja kuyaelewa kwa njia ya ajabu, kupitia binti yangu ambaye alikuwa anajifunza kusoma. Paka, taka, kaka, saka. Irabu ni zile zile, a na a, na ndizo zenye nguvu, ndizo unasikia ukiwa chumba kingine. Kinachokuambia kama ni mnyama ama uchafu ama ndugu yako ni konsonanti, na konsonanti ni vitu vidogo dhaifu vya juu, vya haraka. Mtu akizeeka masikio yanaanza kupoteza huko juu kwanza. Sasa mpe mzazi wako irabu zimevimba na besi, konsonanti zimeliwa, halafu mwambie aongeze volyumu. Anaongeza irabu.

Besi nayo ilikuwa imevimba kweli. Sebule yetu ni mita 4.2 kwa 3.5, ukuta wa mawe, sakafu ya taili, dari ni slabu ya zege, yaani hakuna kitu kinakunywa sauti isipokuwa sofa na sisi wenyewe. Ukipiga makofi inakujibu. Chumba cha hivyo kina noti zake chache kinazozipenda, unachukua 343 unagawanya kwa urefu mara mbili, kwangu inatoka karibu Hz 41 upande mmoja na 49 upande mwingine, na taua zangu zinashuka mpaka huko bila shida, kwa hivyo kila mara gitaa la besi likigusa hapo nyumba yote inaguna na maneno yanafunikwa. Jirani wa chini alinisalimia kwa ngazi siku moja akaniuliza kama nimenunua posho mill.

Kabla sijafika kwa senta niwape kahistoria kidogo, mimi kalinifurahisha. Mwingereza Alan Blumlein, inasimuliwa alikuwa sinema na mkewe mwaka wa 1931, mwigizaji anatembea upande huu wa skrini na sauti inatoka upande ule, akaudhika, na Desemba mwaka huo huo akapeleka maombi ya hataza ya vitu vingi tunavyoviita stirio leo. Yaani stirio ilizaliwa na lalamiko lile lile la mamangu. Halafu 1933 watu wa maabara ya Bell huko Marekani walichukua okestra ikipiga Philadelphia wakaituma kwa waya za simu mpaka ukumbini Washington, na walitumia chaneli tatu, sio mbili: kushoto, katikati, kulia. Katikati ilikuwepo tangu mwanzo. Iliyotuondolea katikati ni sahani ya santuri, kwa sababu mfereji wake una kuta mbili tu, kila ukuta unabeba chaneli moja, na stirio ilipoingia madukani mwisho mwisho wa miaka ya 1950 muziki ukakaa mbili mpaka leo. Sinema iliendelea na senta yake. Ndio maana muziki unataka taua mbili na filamu inataka tatu mbele, hakuna uchawi hapo.

Basi nikashuka Luthuli, ile barabara ya maduka ya spika hapo tao. Siku hizi kutembea Luthuli kumekuwa afadhali tangu 2019 matatu zilipoondolewa, lakini masikio bado hayapumziki, kila duka limeweka spika mlangoni na kila moja inashindana na jirani. Nilikuwa natafuta senta ya mtumba. Duka la kwanza kijana akanionyesha senta na risiva kabisa, bei ya kuchekesha, risiva safi kama mpya, nikaigeuza nyuma nikaona imeandikwa volti 120 peke yake. Hiyo ni ya Marekani. Stima yetu ni 240. Nikamuuliza "na hii nitaiunga wapi bro", akasema iko sawa, hata yeye anatumia hivyo kwake. Nikamshukuru nikaenda zangu, juu hiyo bila transfoma ya kushusha ingeniwakia sekunde ya kwanza.

Duka la pili, ndani kabisa kwa ngazi za nyuma, kuna fundi mzee mmoja ambaye haongei sana. Alinitolea senta nyeusi, upana sentimita 45, akaifungua wavu wa mbele bila kuambiwa. Akabonyeza ukingo wa koni na kidole gumba, pole pole, akazunguka nao wote. "Hii ni mpira. Ingekuwa sponji ungebaki na unga mkononi." Kweli spika nyingi za zamani zenye ukingo wa sponji zinaoza zenyewe hata zikikaa bila kutumika, zinakuwa kama keki ya juzi. Halafu akachukua betri ya rimoti, akagusisha waya mbili nyuma, chanya kwa nyekundu, koni zote mbili zikaruka mbele pamoja na kale kasauti, tup. Akatoa, zikarudi. "Moja ingerudi nyuma hapo kuna mtu alifungua akakosea waya." Akapima na mita ikasoma 6 na kitu, akasema hiyo ndio ohmu 8 ikiwa imelala. Elfu sita, nikajaribu elfu nne, akaanza kurudisha wavu, nikalipa elfu sita.

Nikafika nyumbani nikaiweka ndani ya wol yuniti, kwenye ile rafu ya chini ya tivi, ikaingia kama ilipimwa. Mamangu alikuwa bado yuko. Saa moja ikagonga, habari ikaanza, nikakaa na mikono kwa magoti kama mtu anangoja matokeo.

Kisima kile kile.

Nikainama nikaweka sikio kwa senta. Kimya. Haitoi hata pumzi. Nusu saa nimekagua waya, nimekaribia kurudi Luthuli kichwani, ndio nikakumbuka kuangalia risiva imeandika nini kwenye kioo: Stereo. Stesheni zetu hapa zinakuja kwa chaneli mbili, na risiva ikiwa kwa stirio inafanya ilivyoambiwa, inapeleka kushoto na kulia, senta inalala. Lazima ubonyeze kile kitufe cha sarandi, ile ya Dolby ya kuchukua chaneli mbili na kuchuja kilicho sawa pande zote na kukipeleka katikati. Na kwa upande wa filamu za intaneti nikakuta tivi yenyewe nayo ilikuwa imewekwa kutuma PCM, kwa hivyo hata filamu za chaneli tano zilikuwa zinafika kwa risiva zikiwa zimekunjwa mbili. Nenda kwa setingi za sauti za tivi uweke otomatiki ama bitistrimu. Najua watu wawili wameishi na senta zaidi ya mwaka na hawajawahi kuisikia, na mmoja ni shemeji yangu, atajijua.

Sasa ikaamka. Mtangazaji akarudi kwenye tivi, mdomo na sauti pahali pamoja, mamangu akasema "ehe" ya kunipa moyo. Halafu akasema bado ni kama anaongea ndani ya debe.

Debe lilikuwa la kweli. Ukiweka spika ndani ya rafu yenye kuta pande zote, sauti inagonga zile mbao kabla itoke, inapata ile rangi ya boksi. Isitoshe senta ilikuwa chini, twita iko sentimita 45 kutoka sakafuni inaangalia magoti yetu. Nikaivuta mbele mpaka ikatokeza kidogo nje ya ukingo wa rafu, nikaweka kifutio cha mtoto chini ya mbele kila upande ili iangalie juu kwa masikio. Hiyo peke yake, vifutio viwili vya shilingi kumi kumi, ilibadilisha sauti kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Asubuhi nikaamka nikakuta mamangu ameitandikia kitambaa, kile cha kushona kwa mkono chenye maua, kinaning'inia mbele mpaka kimefunika twita yote, na juu ameweka chombo cha maua. Nilikitoa kwa heshima. Akakirudisha. Tulienda hivyo siku mbili.

Lakini kuna kitu kilikuwa bado kinanisumbua. Mimi nikikaa katikati maneno ni kioo, nikienda kukaa kiti cha mamangu yanafifia, sio kushuka volyumu, ni kama mtu amefunga mlango nusu. Nikaweka ile kelele ya majaribio ya risiva, ile shhhhh, kwa senta peke yake, nikaanza kujisogeza kwa sofa makalio kwa makalio kutoka katikati kwenda dirishani. Inabadilika. Karibu mita moja hivi kitu kinatoka katikati ya ile shhh, inabaki na chini na juu, tumbo hakuna. Rudi, tumbo linarudi. Mtoto akauliza baba anafanya nini, mama yake akamwambia baba anapika.

Sababu ni umbo lenyewe la senta. Koni mbili ziko kushoto na kulia ya twita, na zangu ziko sentimita 28 kati ya moja na nyingine. Ukikaa mbele yake kabisa zinakufikia pamoja, zinasaidiana. Ukikaa pembeni, moja iko mbali kuliko nyingine. Kwa kiti cha mamangu pembe ni kama digrii 20, tofauti ya njia karibu sentimita 9.6, na hiyo ni nusu ya wimbi la karibu Hz 1,800, maana yake pale moja inasukuma nyingine inavuta, zinaumizana. Na Hz 1,800 koni bado ndizo zinafanya kazi, twita haijachukua zamu. Yaani watu wanauziwa spika ya maneno ambayo imelazwa kwa ajili ya kutoshea chini ya tivi, na kule kulazwa ndiko kunakula maneno ya waliokaa pembeni. Usiku nikaisimamisha wima mbele ya tivi, ikaziba nusu ya skrini, nikaenda kukaa kwa dirisha: safi kabisa. Kuna senta zilizotengenezwa kuepuka hii, zina kakoni kadogo chini ya twita na zile kubwa mbili za pembeni zinaachiwa sauti za chini tu, hizo ndizo ningewaambia mtafute, lakini elfu sita hupati.

Nilifanya ya maskini. Nilisogeza tivi na senta na kila kitu nusu mita kuelekea dirishani, mamangu akabaki digrii kumi tu kutoka katikati. Kwa digrii kumi lile shimo linapanda mpaka karibu Hz 3,500, na huko twita imeshachukua zamu kwa hivyo hakuna ugomvi. Halafu nikaigeuza senta uso kidogo kumwelekea. Nikaiongeza desibeli 3 kwa risiva. Akasikiliza habari yote mpaka hali ya hewa bila kusema neno, na mwisho akaanza kubishana na waziri, hapo nikajua anasikia.

Bei yake ni kwamba taua ya kulia iliishia kubanwa kwa kona na ikaanza kuguna vibaya zaidi. Nilisunda soksi ya shule kwa lile tundu la nyuma, kwenye miiba ya chini nikaweka sarafu ya shilingi kumi kila mguu juu taili zilikuwa zinakwaruzwa na mwenye nyumba ana macho, na kwa risiva nikaziweka taua kama spika ndogo, kroso, yaani mpaka wa kugawa sauti, nikaiweka Hz 80, chini ya hapo ikachukuliwa na subufa ndogo ambayo ningeweza kuisogeza mahali chumba hakigunikii.

Na hapo ndipo nilikaa kimya kidogo. Kwa sababu ukikata taua kwa Hz 80 ile besi yote uliyolipia, lile boksi refu, zile koni za ziada, ile pikapi, yule soja, umeiweka likizo. Spika za shelfu zenye twita nzuri zingefanya kazi hiyo hiyo kwa filamu, na pesa iliyobaki ingeninunulia senta ya maana. Hii ndio sehemu wauza spika hawakwambii, na simlaumu mtu, hata mimi singeiamini kabla ya kuona.

Kitu kimoja sijakirekebisha ni kwamba senta yangu na taua hazina sauti moja. Ni familia tofauti, twita tofauti. Maneno peke yake hutagundua, lakini boda boda ikipita skrini kutoka kushoto kwenda kulia inaanza ikiwa pikipiki, ikifika katikati inakuwa mashine ya kushona, halafu inarudi pikipiki. Watoto wanasubiri hiyo sehemu. Ukiweza nunua zote tatu za mbele za mfululizo mmoja.

Sasa ukiniuliza mimi. Kama unaishi peke yako ama mko wawili na mnakaa katikati, usinunue senta, senta hewa inatosha kabisa na ni bure, weka pesa yote kwa spika mbili nzuri. Kama kazi kubwa ni muziki, taua, na chumba kiwe na nafasi ya kuzitoa ukutani, sio hizi sebule zetu za kona kwa kona. Lakini kama ni nyumba ya watu, watoto chini, shemeji kwa mkono wa sofa, mzazi kwa dirisha, na kinachoangaliwa ni habari na vipindi na filamu, senta nzuri kwanza na spika ndogo pembeni, taua zingoje. Na kama ni senta mbaya ya kulala ndani ya rafu, bora ukae bila. Mimi nimebaki na taua kwa sababu ya zile Jumapili, na Jumapili senta nazima.

Mamangu alirudi nyumbani wiki iliyopita. Juzi akanipigia, baada ya salamu na mvua na ng'ombe akaniambia nichukue futi nimpimie ile spika ndogo, upana na kwenda ndani. Nikamwambia 45 kwa 20. Akauliza na mbele kishuke sentimita ngapi. Nikamwambia mbele kisishuke kabisa mama, kiishie tu kwa ukingo. Akanyamaza kidogo, nikasikia anaandika, akasema basi maua yote atayaweka juu.